Feza, Toka

Hita ya umeme ukiiwasha mara ya kwanza baridi inapoingia, hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Kila mtu wa Johannesburg anaijua. Kwa majirani zangu ni harufu ya kutoa mablanketi kabatini. Kwangu mimi ni harufu ya kanisa. Juzi niliichukua hita ya Mama kutoka chumbani kwake, wiki chache baada ya kumzika, nikaichomeka kwangu bila hata kuipangusa. Harufu ilipopanda nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mtoto, mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu la mswaki mdomoni akidhani nimepigwa na umeme.

Amplifaya ya kanisa letu ilinuka vilevile. Kanisa lenyewe lilikuwa Bertrams, ndani ya karakana ya zamani ya magari, na kukiwa na mechi Ellis Park pasta alinyamaza katikati ya mahubiri mpaka kelele za uwanjani zipungue. Sakafu ilikuwa na madoa ya oili ambayo kina mama waliyasugua kwa kila aina ya sabuni, yakakataa. Sisi tulikaa nyumba ya jirani, familia moja chumba kimoja, jiko la wote, na wapangaji wote walikuwa waumini wa kanisa hilohilo. Wengi tulitoka Lubumbashi na vitongoji vyake. Ukipiga chafya chumbani kwako, waumini watatu wanakuombea kutoka upande wa pili wa ukuta.

Papa alikuwa fundi cherehani, na meza yake ilikuwa kwenye kibanda Jules Street, Malvern. Sare za chorale, yaani kwaya yetu, alizishona yeye, na sare za makanisa mengine pia, kwa sababu watu wa kanisa letu walimsifia. Mama aliimba sauti ya pili. Nisikudanganye, sikuwahi kusikia tena sauti kama ile. Haikuwa kubwa. Ila akiimba yeye, wengine wote walionekana wanaimba vizuri.

Walimwita Mama Riziki, kwa sababu Riziki ni mimi, mzaliwa wake wa kwanza na wa mwisho. Hata Papa alimwita hivyo. Kwenye karatasi zake za ukimbizi kulikuwa na Marie fulani, jina la ubatizo ambalo hakuna aliyelitumia. Mimi sikujiuliza. Nilidhani mwanamke huzaliwa bila jina la maana, akapewa siku anapojifungua.

Basi akaja Maestro. Ndivyo tulivyomwita, jina lake lingine sikulijua. Alikuwa mlinzi wa duka la vitanda, asubuhi analala, na Jumamosi mchana anaifundisha chorale. Alikuja na gita la umeme jekundu lililochubuka, na mikono yake ilikuwa mirefu, ya kupendeza. Sisi watoto tulikaa chini karibu na amplifaya, tukinusa vumbi lile linaloungua, tukisubiri apumzike, maana akipumzika alikuwa anasimulia.

"Watu wanafikiri Mkongomani amezaliwa na rumba mdomoni," alituambia siku moja. "Uongo! Sisi pale Katanga tulipiga roki. Roki ya kutisha, watoto. Tulikuwa tunaisikia redioni kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, halafu tunajitengenezea ya kwetu. Kulikuwa na kijana mmoja, alichukua wembe akaichana spika yake makusudi. Akipiga gita, inanguruma. Wazazi walisema ni pepo."

Na kijana huyo wa wembe, akasema Maestro, ndiye aliyetunga wimbo wa kwanza wa roki ambao mji mzima uliujua. Kaka yake mkubwa alikuwa amekufa, na ukoo ukasema ni mke aliyemla. Kwa wasiojua, kumla mtu ni kumuua kwa uchawi. Mke akafukuzwa. Kijana akatia jina la huyo mke kwenye wimbo, jina lake la kweli, bila kulificha: "Feza, toka. Beba vyungu vyako, toka. Umemla kaka yangu, sasa unalia na nani?"

Redio waliupiga, kisha ndugu za yule mwanamke wakaenda kulalamika, redio wakaupiga marufuku. Hapo ndipo ulipoenea sasa. Kaseti zilizunguka sokoni. Bendi za baa zikaupunguza kasi, watu wakaucheza wameshikana viuno. Bendi moja ya ng'ambo ilimtoa marehemu kabisa, ikamfanya Feza kuwa mlevi anayefukuzwa baa, na watu wakacheka. Kila aliyeuimba alibadilisha kitu, ila hakuna aliyeligusa jina.

"Na yule mama aliishia wapi?" nakumbuka niliuliza.

"Mama gani?"

"Feza."

Maestro akakuna kidevu. "Eh, hiyo sijui. Wachawi wanapotelea tu."

Hata sisi watoto tulikuwa na wimbo huo bila kujua umetoka wapi. Uani tulichora viboksi kwa chaki tukaruka kwa mguu mmoja, na aliyekanyaga mstari tulimpigia makofi: "Feza, toka! Feza, toka!" Mchezo huo aliuleta Exaucé, mtoto wa jirani yetu msusi, alipofika kutoka nyumbani Katanga. Mara nyingi Mama alitoka jikoni na beseni la maji ya vyombo akayamwaga juu ya mistari yetu, anarudi ndani. Niliona aibu sana. Nilifikiri ananionea mimi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kushinda uani.

Maestro sasa akasema anataka kuuokoa wimbo ule. Hilo ni jambo la kawaida kwetu. Wimbo wa dunia wenye sauti nzuri hauachiwi Shetani, unavuliwa maneno, unavishwa mengine, unaingia kanisani. Maestro aliutoa mngurumo, akaondoa kaka na vyungu. Na pale penye jina akaweka adui wa kila mtu: "Shetani, toka. Beba mizigo yako, toka. Nyumba hii ni ya Bwana."

Jamani, kanisa liliupenda! Watu waliruka mpaka vumbi likapanda. Kina mama walipunga leso kuelekea mlangoni kumwonyesha Shetani njia. Na mimi, kwa kuwa nilikaa mbele na kazi yangu ilikuwa kumtazama Mama, niliona kitu ambacho mwanzoni hakuna mwingine aliyekiona. Alikuwa anaimba vizuri kabisa, halafu akifika pale kwa "Shetani, toka," anafunga mdomo. Midomo inabana, macho yanatazama sakafu, kwenye yale madoa. Mstari ukipita, anaingia tena.

Mtoto hawezi kuacha jambo kama hilo bila maelezo. Nilikaa nalo kwa siku nyingi, nikapata jibu langu. Sisi tulikuwa wapangaji. Nilishaona mtaani kwetu godoro na sufuria za watu zikirushwa nje, wenyewe wamekaa juu ya mabegi kando ya barabara, mtoto mchanga amefunikwa taulo. Siku ile Mama aliwapelekea chai na akalia. Kwa hiyo nikajua: Mama hawezi kumwambia mtu toka. Hata Shetani. Anamwonea huruma. Na kama hawezi kumfukuza, basi yumo. Anakaa kwetu.

Usicheke. Niliogopa kwelikweli. Chumba kilikuwa kimoja, sasa huyo mpangaji wa nne analala wapi? Nilichungulia nyuma ya kabati. Nilichungulia chini ya kitanda cha wazazi, nikakuta sanduku lililofungwa kwa kamba, nikaamua ni humo. Kuanzia hapo nikawa nalala nimegeukia ukuta.

Halafu kina mama wa chorale nao wakaona. Kiongozi wao alikuwa mama yake Exaucé, yule msusi, mwanamke mchangamfu aliyekuwa anakwambia jambo huku anakuvuta nywele. Ilianza kwa utani jikoni.

"Mama Riziki, mbona ukifika kwa Shetani unameza mate?"

"Koo linakauka."

"Koo linakauka kwa Shetani tu? Au ni shemeji yako?"

Wakacheka, na Mama akacheka pia, akaendelea kusonga bukari, ugali wetu. Jumapili iliyofuata hawakucheka. Nilisikia Mama Exaucé akimwambia mwenzake karibu na sinki kwamba mtu asiyeweza kumkemea Shetani, basi wana mkataba. Na kwamba hebu fikiria, mwanamke mwenye afya yake, mtoto mmoja tu. Wengine wako wapi?

Sikuelewa habari ya wengine. Lakini ya mkataba nilielewa, maana hata chumba chetu kilikuwa na mkataba. Siku ile ile, Mama akinisuka mlangoni, nikamuuliza.

"Mama, analala wapi?"

"Nani?"

"Shetani. Si hutaki kumfukuza? Ni kwenye sanduku?"

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Kwanza alicheka, cheko fupi la puani. Kisha nikasikia kitu cha moto kinadondoka kwenye mstari wa nywele zangu, mahali aliponichana.

"Hapa hakai Shetani," akasema. "Hapa tunakaa sisi tu, weye na mie na Papa yako. Sikia? Na ukimwambia mtu toka, Riziki, uwe umemwonyesha na pa kwenda."

Akaendelea kusuka, akanibana sana siku ile, kichwa kikaniuma mpaka Jumatano.

Pasta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnyonge, na alichoka kuletewa maneno. Akaona njia rahisi: kulikuwa na Jumapili ya wageni inakuja, makanisa ya Yeoville na Pretoria yataleta watu wao, basi Mama Riziki ataongoza ule wimbo peke yake kwenye maikrofoni. Akiimba, midomo ya watu itafungwa. Asipoimba, atatolewa kwenye chorale na kuwekwa chini ya maombi. Nilishaona kuwekwa chini ya maombi. Mwanamke hushikwa mikono na miguu, na watoto wake hupelekwa chumba kingine.

Papa alimbembeleza. Alikuwa ameleta kazi nyumbani, sare za hao hao wageni, na alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Imba tu, mke wangu. Ni neno moja. Sema Shetani, wanyamaze, tuendelee kula."

"Weye unajua nani alikuwa pale kabla ya Shetani."

"Najua."

"Unajua, na unaniambia niimbe."

Papa akakanyaga mashine, ikakimbia kwa muda mrefu juu ya mshono mmoja. Mimi nililala nimegeukia ukuta nikidhani wanazungumzia mpangaji mwingine, aliyekaa chumba hiki kabla yetu.

Jumapili ile karakana ilijaa mpaka watu wakasimama barabarani. Amplifaya ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, inanuka. Na spika, baada ya miaka ya kubebwa kwenye bakkie, yaani pikapu za watu, ilikuwa imechanika pembeni, hivyo Maestro alipogonga nyuzi za kwanza, gita lilinguruma. Aliinama kuirekebisha, haikurekebishika. Wageni walifurahi. Nilimwona Mama akitikisika kidogo, kama mtu aliyeitwa ghafla kwa nyuma.

Aliimba ubeti wa kwanza wote. Alikuwa amevaa sare ya kijani aliyoshonewa na Papa, na mikono ameishika mbele. Akafika pale. Akafunga mdomo. Maestro akazunguka na gita, akampa nafasi nyingine. Akazunguka tena. Mama Exaucé tayari alikuwa amemtazama pasta.

Ndipo Mama akafungua mdomo akaimba, kwa sauti ile ile ndogo, kila mtu akaisikia: "Feza, toka. Beba vyungu vyako, toka. Umemla kaka yangu, sasa unalia na nani?"

Waliozaliwa Lubumbashi waliganda. Wageni wachache waliendelea kupiga makofi, wakaacha. Mkono wa Maestro ukaanguka kutoka kwenye nyuzi, na amplifaya ikabaki inavuma peke yake.

"Feza ni mie," Mama akasema kwenye maikrofoni. "Mume wangu alikufa kwa homa, nilimuuguza mie. Yule mtoto aliyeniimba, alikula kwangu. Nyuzi zake za kwanza za gita nilimnunulia mie. Nimekuja mpaka huku ili nisikie jina lingine, na mmenikuta. Mmeweka Shetani kwenye kiti changu, halafu mnaniambia niimbe."

Akashuka. Akanishika mkono, tukatoka.

Ningependa kukwambia kwamba watu walimfuata wakamkumbatia. Mimi mwenyewe, nikitembea kando yake, nilikuwa najivuna! Huko kwetu watu hulipa wanamuziki ili majina yao yatajwe kwenye wimbo, na mama yangu mimi anatajwa bure, kwenye wimbo unaojulikana nchi nzima. Nilisubiri jioni watu waje kumpongeza. Nilikaa mlangoni kwa makusudi.

Hakuja mtu. Kabla ya hapo walikuwa na shaka tu. Sasa walikuwa na jina, na jina lile kila mmoja wao alilijua tangu utoto, alishalicheza harusini, alishaliruka kwa mguu mmoja. Wangeanzaje kuamini kwamba wimbo mzima ni uongo? Hakuna aliyemtukana. Ila jikoni wakawa wanamaliza kupika yeye anapoingia. Alipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaipeleka kwenye msiba wa muumini mwenzetu, na sufuria ikarudishwa mlangoni kwetu imejaa, mfuniko juu, hata kijiko hakikutumbukizwa. Mama akatupakulia, tukala sombe siku ile na kesho yake na kesho kutwa, mimi na Papa tukisifia kwa sauti.

Exaucé alikatazwa kucheza nami. Oda za sare zikakatika, moja baada ya nyingine, mpaka Papa akawa anapunguza suruali za wapita njia. Tukahamia Malvern, chumba cha nyuma ya kibanda chake, mahali ambapo hatukumjua mtu. Wala hatukufukuzwa. Tulibeba vyombo wenyewe.

Maestro alikuja mara moja, na kofia yake ya ulinzi mkononi. Mama alimpa chai. Alikaa muda mrefu bila kuigusa, halafu akauliza, "Ni kweli, Mama? Habari ya nyuzi?" Mama akasema ni kweli. Maestro akalia, na alipoondoka akaapa hatapiga tena wimbo ule. Sidhani kama alipiga. Lakini wageni wa Yeoville na Pretoria walikuwa wameshauchukua, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri. Bado unaimbwa. Nimeusikia kwenye harusi, nimeusikia ukitoka kwenye spaza, duka la mtaani la Msomali, Shetani toka, na kila mara nimehisi nataka kuvunja kitu.

Na Mama hakuimba tena. Si kanisani, ingawa alipata kanisa lingine, akawa anakaa nyuma. Hakuimba hata akiosha vyombo. Hilo ndilo sijawasamehe. Nilikua ndani ya nyumba yenye sauti ile, mwenyewe yupo, anapumua, anapika, na sauti haitoki. Alipoanza kuugua mapafu nilijikuta nimekasirika, eti mapafu yenyewe alikuwa anayatunzia nini.

Baridi ya mwisho aliyoiona alikuwa kitandani, hita karibu na miguu. Binti yangu Naledi alikuwa anampelekea chai mchana akitoka shule. Naledi Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na Koko wake, ndivyo anavyomwita bibi, alishazoea kuongea naye hivyo, kila mtu na lugha yake. Siku hiyo nilikuwa nakunja nguo pale chumbani. Simu ya Naledi ikaanza kupiga muziki mpya, ule wa ngoma nzito unaochezwa kila kona ya mji huu. Naledi akainuka kucheza. Mara juu ya ngoma ikaja sauti ya mwanamume, ya zamani, iliyokwaruza, na nyuma yake mngurumo wa spika iliyochanwa kwa wembe.

"Feza," ikasema. Ngoma. "Feza." Ngoma.

Niliangusha nguo nikairukia ile simu.

"Acha," Mama akasema.

"Mama, huu ni..."

"Naujua. Acha." Akajiinua kwenye mto. "Naledi, wanasema nini sasa?"

Naledi akainua mabega, akasema hawasemi kitu, ni jina tu, kijana mmoja wa Soweto amekata kipande cha wimbo wa kale.

"Na lile neno toka wameliweka wapi?"

"Toka gani, Koko?"

Mama aliinamisha kichwa akasikiliza, na mimi nilijua anasikiliza nini. Jina lilikuja, kisha pakaja ile nafasi ambapo neno lile lilikuwa linakaa, na ndani yake palikuwa na ngoma tu. Likaja tena. Tena ngoma. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza, kama anayengoja mlango ugongwe.

"Rudisha," akasema.

Naledi akarudisha. "Feza," ikasema simu. Nikaona midomo ya Mama, ile niliyoitazama nikiwa nimekaa sakafuni kwenye madoa ya oili, ikibana. Kisha ikaachia.

"Niko," akaimba.

Ilikuwa sauti iliyoisha, nusu yake hewa. Lakini ilikuwa sauti ya pili, mahali pake hasa.

"Feza."

"Niko."

Naledi alidhani Koko anacheza naye, akaongeza sauti ya simu.